Paka ni Twahara, Lakini Jeraha Lake Lioshwe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwenye kunena na asiyenena. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu, leo tunaungama kosa letu wenyewe, huenda likawanusuru watoto wenu.

Mwaka jana, wakati wa likizo ya shule, tuliitwa Mtito Andei, katika kaunti ya Makueni, kusomesha kwenye madrasa ndogo. Mji ule umekaa baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na nyika iko karibu. Madrasa ilikuwa na paka jike wa kijivu, kipenzi cha watoto. Akatoweka siku tatu. Aliporudi alijibanza nyuma ya kabati la misahafu, hataki chakula wala watu. Msichana wa miaka minane akanyosha mkono kumbembeleza, naye akamng'ata kidoleni.

Damu ilikuwa kidogo. Nasi tukafanya tulilolizoea: tukawasimulia wanafunzi habari ya sahaba Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu apate kunywa, kisha akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Tukamwambia mtoto, "Usiogope, mwanangu, paka ni twahara." Tukaendelea na somo.

Bibi yake, ambaye wajukuu humwita Susu kwa Kikamba, alipokuja kumchukua alimpeleka moja kwa moja bombani. Akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu hata tukaona amezidisha. Kisha akatugeukia kwa adabu.

"Shehe, kwamba ni safi kwa swala nimekubali. Je, ni mzima? Kwetu Kitui mtoto wa jirani aling'atwa na mbwa, wakasema ni kidogo tu. Tulimzika."

Hatukuwa na jibu. Mtoto alipelekwa hospitali siku ile ile, akaanzishiwa chanjo.

Maradhi haya tunayaita kichaa cha mbwa, na jina hilo hutughafilisha. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaoyapata huyapata kwa mbwa, lakini paka naye huambukizwa na huambukiza. Virusi huingia kwa mate, vikafuata mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili zikishadhihiri, mgonjwa akaanza kuyaogopa maji, ni nadra mno kupona. Kabla ya hapo, sabuni, maji na chanjo humwokoa. Serikali ya Kenya iliweka mwaka 2014 mpango wa kuyatokomeza maradhi haya ifikapo 2030, na Kitui na Makueni zikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo. Nguzo ya mpango huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Siku chache baadaye afisa wa mifugo alikuja kuchanja mbwa na paka wa mtaa, akatufungulia mlango mwingine. Paka wetu, alisema, ana ndugu nyikani: kimburu. Mwaka 2007 wataalamu wa nasaba walithibitisha kwamba paka wa nyumbani ametokana na jamii hiyo ya paka wa mwitu. Kwa hiyo paka anayezurura porini huzaa na kimburu, na nasaba ya kimburu hupotea polepole. Humpelekea maradhi pia. Na si kimburu peke yake anayedhurika kwa wanyama wa majumbani: mwaka 1994, huko Serengeti, simba wapatao elfu moja walikufa kwa maradhi yanayohusishwa na mbwa wa vijijini. Sindano moja kwa mnyama wa nyumbani, basi, ni hifadhi ya mtoto na ya mnyama wa porini pamoja.

Hapo tukalitambua kosa letu. Twahara ni hukumu ya maji, nguo na mahali pa swala. Uzima wa mwili ni amana nyingine. Tulijibu swali ambalo mtoto hakuliuliza. Sote twajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Kumlisha paka ni wajibu wa mwenye kumfuga, na kumchanja ni katika huruma hiyo hiyo.

Basi mtoto aking'atwa au akiparwa na paka au mbwa, lioshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mnyama ni wa nyumbani.

Yule paka wa kijivu alirudi nyikani, hatukumwona tena wala hatukujua alikuwa na nini. Mtoto alikamilisha sindano zake, na ni mzima, alhamdulillah. Hadithi ya Abu Qatada tungali twaisomesha. Tukishamaliza, twawapeleka watoto bombani kuwaonyesha namna ya kuosha jeraha.

Wabillahi tawfiq.