Mbali Kutoka Wapi?

Katika video nyingi za siku hizi kuna picha moja ambayo mtazamaji hatakaa aione. Haina rangi. Kilicho karibu na kamera ni cheupe, kilicho mbali ni cheusi, na vilivyo katikati ni vya kijivu, kila kimoja na kiwango chake. Wenye kazi zao huiita ramani ya kina. Programu inaisoma pikseli moja moja, kisha inatekeleza: hiki kibaki wazi, kile kitiwe ukungu.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya lenzi. Ukifungua sana tundu lake, sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba. Ukilibana, vingi vinaonekana. Simu zetu zina lenzi fupi na kihisi kidogo, ndiyo maana karibu kila kitu kinatoka wazi, na ule ukungu wa sinema inabidi utengenezwe baadaye. Ukiwa umeunda tukio zima kwa kompyuta, ndani ya Blender kwa mfano, umbali wa kila kitu unajulikana. Ukiwa na video ya kawaida ya simu, unaiachia akili mnemba ikisie nani yuko mbele ya nani.

Mwaka jana nilimhoji fundi cherehani mmoja, mama mwenye duka lake. Nyuma yake, kwenye cherehani ya pili, alikaa kijana anayemfanyia kazi. Tulimwomba asimamishe mashine kwa sababu ya kelele. Akaacha kukanyaga, akabaki anakunja pindo kwa vidole. Mama anasimulia alivyopata kazi ya kushona sare za shule, na sare zenyewe ziko mapajani mwa kijana.

Mhariri wetu wa video akanionyesha ramani. Mama mweupe pee. Kijana, rangi ya majivu.

"Dada, huyu anavuta macho," akasema. "Tukimtia ukungu, mama atatokeza."

Kitaalamu alikuwa sahihi. Lakini mbali kutoka wapi? Kamera ingesimama upande wa pili wa chumba, mweupe angekuwa kijana. Ramani hupima umbali kutoka kwenye kamera tu. Haijui nani ameshona nini.

Nikamkumbusha *Citizen Kane*, filamu ya Orson Welles ya 1941. Mpiga picha wake, Gregg Toland, alipenda kuweka vya mbele na vya nyuma wazi kwa pamoja. Kuna sehemu mama anatia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mlezi. Watu wazima wako mezani. Mtoto yuko nje, anacheza kwenye theluji, mdogo kabisa ndani ya fremu ya dirisha. Angetiwa ukungu, tungebaki na habari ya karatasi. Yuko wazi, kwa hiyo tunaona karatasi zinamhusu nani.

Sisi waandishi nasi tunachora ramani hizi kila siku bila programu yoyote: huyu tunampa jina na machozi, yule tunamwita "kijana mmoja" tukapita. (Wa kwangu aliniomba mwenyewe nisimtaje. Hilo ni jambo jingine: aliamua yeye.)

Mhariri hakubishana sana. Alimpaka kijana kwa mkono, fremu baada ya fremu, mpaka kijivu chake kikalingana na weupe wa mama. Kilichomsumbua ni kingo. Pikseli ya ukingoni hubeba kidogo cha mtu na kidogo cha ukuta. Ukichanganya rangi zao mbili kwenye ramani unapata kijivu cha katikati, yaani umbali wa mahali pasipo na kitu chochote. Hapo ndipo panapotokea ule mstari mchafu kuzunguka kichwa. Nywele ni shida, na uzi uliokuwa unaning'inia kwenye sare ulimla mchana mzima.

Kwa hiyo ramani yetu inadanganya kuhusu mita. Ukungu ulibaki kwa barabara tu, nje ya mlango.

Mama alipoiona video alinyamaza kidogo. "Mwanangu, mbona na huyu anaonekana sana?"

Nikamwambia, "Mama, simu ilimwona tangu mwanzo."