Josho la Ndege

Walimu wenzangu watanisamehe iwapo safari hii sitaandika juu ya ngeli wala juu ya mitihani. Nataka kusimulia habari ya bakuli moja la saruji lililoko nyuma ya nyumba yangu, ambalo kwa muda wa mwaka mzima lilinigombanisha na mke wangu, likaniaibisha mbele ya jirani, na hatimaye likanirudisha kwenye somo la Kiswahili kwa njia ambayo sikuitazamia.

Shule zetu hapa Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, na ukiacha madarasa machache yaliyoruhusiwa kwa vipindi, hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mwalimu asiye na wanafunzi ni kiumbe wa kuhurumiwa. Niliwasahihisha wanangu sarufi wakati wa chakula hata mama yao akanikataza. Basi nikawa nakaa barazani asubuhi, nikitazama migomba na, nyuma yake, miteremko ya Mlima Elgon, na hapo ndipo nilipoanza kuwaona ndege. Nasema kuwaona, kwa kuwa nilikuwa nimeishi nao pale Mbale miaka mingi pasipo kuwatazama.

Kiangazi cha Januari 2021 kilipokauka sana, shore wawili walikuwa wakija kila asubuhi kwenye bomba la tangi letu la mvua, lililokuwa likivuja kidogo, na kupokezana kusimama chini ya tone. Nikaona haya kwa niaba ya binadamu. Nililirundika fungu la mchanga, nikatandaza juu yake jani kubwa la yugwa, nikalipaka saruji iliyochanganywa na mchanga, sehemu moja kwa tatu. Baada ya siku chache nililipindua, nikalipata bakuli lenye upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 4 katikati, na mishipa ya lile jani imechorwa ndani yake. Kina hicho si cha kubahatisha. Ndege mdogo hataki kuogelea. Ataka kusimama, maji yakimfika tumboni, tena mahali pasipoteleza. Nililiweka juu ya mawe, kiasi cha mita moja kutoka ardhini, ili paka wasipate kazi rahisi.

Siku ya pili walikuja shore. Wiki iliyofuata wakaja wanana kwa makelele yao, pugi, na chozi mmoja ambaye hakuoga bakulini bali aliruka kwenye majani yaliyorushiwa maji na wenzake. Sikuwa nimepata furaha ya namna hiyo tangu shule zifungwe.

Mwezi Mei binti yetu wa miaka minane alishikwa na malaria kali. Tulimfikisha hospitali akiwa hatambui mtu. Alidungwa sindano za dawa, akawekewa na dripu, na kwa usiku mbili nilikaa kando ya kitanda chake nikihesabu matone, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine ambalo baba angeweza kulifanya. Muuguzi alinionyesha kile kigurudumu kidogo cha kubania mpira: ukikisukuma huku matone huongezeka, huku hupungua. Akaniambia kwamba katika mpira wa aina ile matone 20 ni mililita moja. Nilikishika kisomo hicho kana kwamba uhai wa mwanangu ulikuwa umefungwa ndani yake.

Alipona, alhamdulillahi. Tuliporudi nyumbani mke wangu alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akalitazama bakuli, akaniita. Ndani ya maji, kati ya manyoya na kinyesi cha ndege, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikichezacheza. Hakupaza sauti. "Baba watoto," alisema, "mimi sigombani na ndege. Nagombana na maji yaliyotuama."

Mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mama mmoja mwenye maneno machache, alikuja siku hiyo hiyo kumjulia hali mtoto. Alichota maji yale kwa upawa mweupe, akayatazama juani. "Mwalimu, hawa wananing'inia vichwa chini," akasema. "Wale wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Tena wale hupenda vidimbwi vya mvua vyenye jua, hata unyayo wa ng'ombe huwatosha. Wako ni mbu wa namna nyingine." Nikashusha pumzi. "Lakini sikuja kuwasifu hawa," akaendelea. "Yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili. Maji haya yamwagwe kabla wiki haijatimia, au bakuli livunjwe."

Basi huenda bakuli langu halikuwa na hatia katika ugonjwa ule. Nimejaribu mara nyingi kujifariji kwa hoja hiyo, lakini sikufarijika. Mtu aliyesimama mbele ya wanafunzi miaka kumi na minane akiwahimiza juu ya usafi, kisha akafuga mbu kwa mkono wake mwenyewe, hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba mbu wake hawakuwa wa aina ile mbaya zaidi.

Nilianza kulimwaga bakuli kila baada ya siku tatu. Nilifanya hivyo kwa wiki nne. Ya tano nilisahau. Ndipo nilipotamani kuwa na chombo kisichosahau.

Nilikuwa nimesoma zamani habari za Heron wa Aleksandria, aliyeishi katika karne ya 1, ambaye katika kitabu chake alieleza chombo chenye ndege wa bandia walioimba kwa nguvu ya maji na kunyamaza bundi alipowageukia. Nilijua pia habari za al-Jazari, fundi wa watawala wa Diyarbakir, aliyemaliza mwaka 1206 kitabu cha vyombo vya ajabu, pamoja na tausi aliyetoa maji mdomoni ili mtu anawe mikono. Siri ya vyombo hivyo kwa sehemu kubwa ni sifoni, yaani mrija uliopindwa, ambao maji yakiisha kuupita mgongo wake huyavuta mengine yote mpaka chombo kikauke. Nikajiambia: watu hao walifanya ndege wa bandia kwa maji ya kweli, mimi nina ndege wa kweli, nitashindwaje? Nikatoboa bakuli katikati, nikasimamisha kibomba, nikakifunika kwa kikopo chenye matundu chini. Maji ya tangi yangedondoka polepole, yangejaa, yangepita mgongo, na bakuli lote lingejimwaga kwa mkupuo.

Halikujimwaga. Kosa lilikuwa la kitoto, nami nalitaja ili mwingine asilirudie. Sifoni huanza kuvuta pale tu maji yanapoujaza mrija na kuifukuza hewa iliyomo. Yakija tone kwa tone, huteleza ukingoni mwa kibomba kama jasho, hewa hubaki ndani, na kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Bakuli hubaki limejaa siku zote, na maji ya chini hayaguswi. Nami, nikiwa na imani yote kwa wanazuoni wa Aleksandria, sikulitazama kwa siku tisa. Siku ya tisa nililikuta kizingitini mwa mlango wa jikoni, limepinduliwa, kavu. Mke wangu hakusema neno, wala sikumwuliza.

Lilikaa hapo, tukilipita, mpaka nilipokwenda kwa fundi bati mmoja mzee kutengeneza mfereji wa bati wa kukingia mvua. Kiswahili chake ni cha mjini, hakijui upatanisho wa kisarufi, lakini hakijawahi kukosa neno. Nilimweleza kilio changu. Akacheka, akanionyesha toroli lililoegemea ukuta. "Mwalimu, ile kitu ukiijaza mbele inaanguka yenyewe. Haingoji mtu. Wewe unatafuta mrija, tafuta uzito."

Tulichukua dumu la lita 20, akalikata ubavu mmoja kwa mshazari hata likafanana na kichwa cha toroli. Alipitisha nondo nyembamba kwenye mbavu zake mbili, mbele kidogo ya katikati, tukailaza nondo hiyo juu ya miti miwili yenye panda. Nyuma tulifunga jiwe. Likiwa tupu, jiwe hulikalisha wima juu ya kigingi. Maji yanapopanda, yanatambaa kuelekea mbele juu ya ule mshazari, na uzito unahama nayo, kidogo kidogo, mpaka unaivuka nondo. Hapo hakuna tena mashauri: dumu hupinduka, humwaga yote, na jiwe hulirudisha mahali pake kwa kishindo. Halijali kama maji yamekuja kwa kasi au kwa tone. Hilo ndilo jambo ambalo sifoni yangu haikuliweza.

Tulipopima, lilipinduka kwa lita 8. Bakuli langu, ambalo tundu lake nililiziba kwa saruji, huchukua lita 4. Nilichonga pengo dogo kwenye ukingo unaoelekea migomba, na upande wa pili nikaweka jiwe bapa ili maji yaangukie hapo kwanza, yaingie bakulini yakizunguka, yasimpige ndege aliyemo. Maji mapya husukuma ya zamani, pamoja na manyoya na uchafu mwingi, kupitia pengoni, na migomba hupata kinywaji. Mchanga mzito haundoki wote; huo nausugua kwa brashi kila Jumamosi.

Lilibaki tatizo la kipimo. Nilikwenda duka la dawa nikanunua mpira mpya wa dripu. Muuzaji aliniuliza mgonjwa ni nani, nikamjibu kwamba ni shore. Lita 8 kwa siku mbili ni matone 56 kwa dakika. Niliyapata kwa saa ya mkononi na kile kigurudumu, na sikuweza kukisukuma bila kidole kutetemeka kidogo.

Mke wangu alichunguza bakuli kwa wiki sita, akichota kwa upawa mweupe aliouazima kwa mhudumu wa afya. Wiki ya saba aliurudisha upawa.

Shule zilipofunguliwa niliwaleta wanafunzi wangu wa Kiswahili kutazama, nikawataka wakipe chombo jina. Niliwatangulizia birika, kama wanavyoliita watu wa pwani hodhi la maji. Nikawaeleza kwamba katika nyumba za kale za Lamu birika la bafuni lilifugwa visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwake palizamishwa bakuli la kauri ya Kichina ili samaki wasife maji yanapopungua. Walicheka. Hapa kwetu birika ni la kuchemshia chai, na hata Kiganda kimelichukua neno hilo hivyo hivyo, binika. Nani atawaogesha ndege ndani ya chai? Mvulana mmoja, mtoto wa mfugaji, akasema josho, kama josho la ng'ombe. Likakubaliwa bila kura.

"Josho lijisafishalo," niliongeza, nikifurahia urejeshi wangu. Msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, linalosafishwa ni josho. Linalosafisha ni maji. Tena maji hupimwa na wewe. Hiyo *ji* ni ya nani?"

Sikuwa na jibu siku ile, na tangu hapo nimezidi kulikosa. Maji ya tangi yanaposhuka, msukumo hupungua na matone hupungua nayo. Vumbi la paa huziba mpira nisipoweka kitambaa safi. Kunguru walipata kukaa watatu juu ya dumu wakalipindua kabla ya wakati. Kila siku lazima mtu ahesabu. Nilipokuwa nahesabu mimi, nilisahau mara mbili.

Sasa anahesabu binti yangu, kabla ya kwenda shule, na huandika tarakimu kwa chaki kwenye ukuta wa jiko. Jana aliandika 49. Chini yake aliandika, "Baba, sukuma kigurudumu."