Stima ikirudi, drili inyamaze

Haya, leo tuweke kando hifadhidata na seva. Mjomba wangu ana karakana ya vyuma kule Kariobangi Light Industries, Nairobi, na mwezi uliopita alinunua drili ya nguzo, ya mkono wa pili. Kwa msomaji asiyeijua, ni ile drili iliyopandishwa juu ya nguzo nene ya chuma, chini yake kuna meza ya kuwekea kazi, na pembeni kuna mpini ambao ukiuvuta biti inashuka. Faida yake kwa drili ya mkononi ni kwamba shimo linatoka wima, na shimo la mia linafanana na la kwanza.

Mjomba anatengeneza vishikilio vya paneli za sola. Kila kimoja kina mashimo manne ya milimita 10, na yote lazima yalingane na reli zilizoko juu ya paa la mteja. Yakipotoka milimita mbili tu, bolti haiingii, na anayepigiwa simu na kutukanwa ni mjomba. Aliniita nije kusaidia kuifunga hiyo mashine kwa sababu, alisema, "wewe ndiye ulisomea mashine." Nikamwambia shahada yangu ni ya sayansi ya tarakilishi. Akauliza, "Kwani hizo hazitumii stima?"

Tulianza na sakafu. Drili ya nguzo ina uzito mwingi kichwani, maana mota na mapuli yote yako juu, kwa hivyo ukiiacha imesimama tu inaweza kuanguka siku biti itakapokwama. Kitako chake kina mashimo. Tukatoboa saruji, tukakaza bolti, tukaweka pimamaji. Hiyo ilikuwa kazi ya saa moja.

Meza ndiyo ilitula mchana mzima. Meza ikiinama kidogo shimo linainama nayo, na kwa macho huoni. Kuna mbinu ya zamani isiyohitaji kifaa cha bei. Chomoa plagi kwanza. Chukua spoki ya baiskeli, ikunje mara mbili ifanane na herufi Z, kisha bana ncha moja kwenye taya za drili kana kwamba ni biti. Teremsha mpaka ncha ya pili iguse karatasi uliyoiweka juu ya meza upande wa kushoto, karatasi itoke kwa kukwaruza kidogo. Sasa zungusha taya kwa mkono, upeleke ncha kulia, halafu mbele, halafu nyuma, ukijaribu karatasi ile ile kila mahali. Inapopita bila kuguswa, meza imeshuka. Inapokwama, imepanda. Kushoto na kulia tulirekebisha kwa bolti kubwa iliyo chini ya meza. Mbele na nyuma, drili nyingi za aina hii hazina pa kurekebishia, kwa hivyo tulikata kipande cha bati jembamba tukakiweka pale meza inaposhikana na mkono wake. Mimi niliifurahia kazi hii kupita kiasi. Binamu yangu, mtoto wa mjomba mwenye miaka 19 ambaye ndiye atakayeitumia mashine kila siku, alikuwa amevaa earphone zake akisubiri tumalize.

Kasi je? Chini ya kifuniko cha juu kuna mapuli yaliyopangwa kama ngazi, na mkanda unahamishwa kutoka ngazi moja hadi nyingine. Mashine ilikuja mkanda ukiwa kwenye kasi ya juu kabisa, na ilikuja na biti tano ambazo ncha zake zimegeuka buluu. Buluu maana yake biti iliungua. Hesabu yenyewe ni rahisi: kwa chuma cha kawaida na biti za HSS, ukingo wa biti ukate kama mita 25 kwa dakika. Gawanya hizo mita kwa mzingo wa biti. Biti ya milimita 10 inataka mizunguko karibu 800 kwa dakika, ya 5 inataka karibu 1,600, ya 12 karibu 650. Biti ikinenepa mara mbili, kasi inapungua nusu. Niliziandika kwa maka pen juu ya kifuniko, na tone la mafuta kila shimo.

Sasa tufike kwenye swichi, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Drili ilikuwa imefungiwa swichi ya kawaida, kama ya taa ya sebuleni. Ukiiwasha inabaki imewashwa, stima iwepo isiwepo. Na sisi tunaishi Kenya. Achana na giza la tarehe 25 Agosti 2023 lililofunika sehemu kubwa ya nchi. Hata wiki ya kawaida stima hupotea ukiwa kazini. Fundi anafanya nini ikipotea? Anaona huu ndio wakati mzuri wa kubadilisha biti. Anaingiza ufunguo kwenye taya, vidole vyake viko pale pale, na swichi ameisahau. Stima hairudi kwa kubisha hodi. Mota inaamka papo hapo, na ufunguo unaruka na chochote kilichoushika.

Mjomba alikataa kununua swichi nyingine. "Nimefanya kazi hii tangu 1998. Stima ikipotea, unazima. Ni akili tu."

"Wewe utakumbuka, mjomba," nikamwambia. "Na huyu?"

Akamtazama mwanawe na earphone zake. Hakunijibu mara moja. Halafu akatuambia habari ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, ya karakana aliyoajiriwa ujanani, na mwenzake aliyekuwa akibadilisha biti stima iliporudi. Vidole viwili. Mwajiri alimlipia matatu kurudi kwao, basi. Binamu alitoa earphone kusikiliza.

Tulinunua kontakta na vitufe viwili, kijani na chekundu, na fundi wa stima mwenye leseni akaja kufunga, pamoja na waya wa ardhi ambao haukuwepo. Ndani ya kontakta kuna koili. Ukibonyeza kijani, koili inakuwa sumaku, inavuta vyuma vigusane, mota inapata stima. Chuma kimoja cha ziada kinaendelea kuilisha koili hata ukiachilia kidole. Stima ikipotea, sumaku inakufa na springi inaachanisha kila kitu. Ikirudi, hakuna kinachozunguka mpaka mtu abonyeze tena. Kitufe chekundu kimewekwa njiani mwa koili, kwa hivyo hata waya wake ukikatika mashine inazimika. Mwanaprogramu mwenzangu ataona kwamba hiyo ni kumbukumbu ya biti moja (si biti ya kutobolea!), ambayo ikikosa umeme inarudi sifuri. Niliijaribu kwa kuzima swichi kuu mara 20. Mara zote 20 ilinyamaza.

Mengine ni ya kila siku. Kazi ibanwe kwa vaisi au klempu, usiishike kwa mkono, kwa sababu biti inapotokea upande wa chini hukamata chuma na kukizungusha kama feni. Kipande kirefu kielekeze kushoto kiegemee nguzo. Kikizunguka, nguzo itakizuia kabla ya tumbo lako. Glavu hapana, hata kama mkono unauma, maana biti ikishika uzi wa glavu inavuta na mkono.

Alhamisi iliyopita stima ilipotea mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Binamu analalamika kwamba anasumbuliwa kubonyeza kijani kila inaporudi. Mjomba hasemi kitu, ila nimemwona akiitazama mashine ya kukatia vyuma iliyo pembeni, ambayo bado ina swichi kama ya sebuleni. Jumamosi ameniomba nimpitie yule fundi wa stima nikienda.