Nani Anakudhamini?

Mvua za El Niño mwishoni mwa 1997 ziliufurisha Mto Tana, kwetu Garissa, na kukwamisha malori ya mifugo. Nyuma ya maji ikaja Homa ya Bonde la Ufa. Ng'ombe na mbuzi waliharibu mimba, wakafa, na watu wakafa pia.

Shangazi yangu, eedo kwa Kisomali, mjane muuza maziwa ya ngamia, alikuwa amemkabidhi dalali mmoja ng'ombe wake awanadi, faida wagawane nusu kwa nusu. Hawakuaminiana hata kidogo. Eedo alitaka mashahidi wawili kwa kila mnyama. Dalali hakupokea hata ndama kabla sijaandika chapa yake daftarini. Nilikuwa mwanafunzi, karani wao, nami niliona kwamba ubishi wao ulidumu kupita bei iliyobishaniwa.

Dalali wa Garissa hapatanishi bei tu. Ng'ombe wengi walivuka mpaka kutoka Somalia, mnunuzi hamjui muuzaji. Dalali ndiye husimama kuthibitisha kwamba mnyama si wa wizi, na mambo yakiharibika hutafutwa yeye. Anakula kwa jina lake.

Ng'ombe wa eedo wakaisha kwa homa. Katika ushirika wa namna ile, mali ikipotea bila uzembe, hasara ni ya mwenye mali. Aliyeichunga hupoteza jasho lake. Dalali akaja hata hivyo na nusu ya thamani yao. Eedo akawaka.

"Unataka nikae chini ya hisani yako?"

Akazirudisha fedha. Zikaletwa tena. Mwishowe wakaenda kwa wazee, kila mmoja akidai hasara iwe yake! Sijaona kesi nyingine kama ile. Wazee waliwaagiza wagawane, kisha wakacheka hadi machozi.

Miezi ikapita, dalali akatuma posa. Eedo akamwita, mimi nikiwepo.

"Kila ng'ombe sokoni ana mdhamini. Wewe nani anakudhamini?"

"Wewe. Hakuna anayejua hesabu zangu kukupita."

Eedo hakujibu. Aliniambia nimsomee daftari lote. Nilisoma hadi adhana ya magharibi, chapa kwa chapa, naye dalali amekaa nje ya ua akingoja. Hakukuwa na kosa hata moja. Ndipo eedo akataja mahari yake.

Waliishi pamoja hadi kifo cha eedo. Majirani walishangaa kwamba mifugo yao haikuwahi kuchanganywa, kila mmoja na chapa yake. Mimi niliyekula kwao sikushangaa. Jioni walihesabiana mifugo, eedo ya mumewe, mume ya mkewe, na hapo ndipo sauti zao zilipokuwa laini kuliko wakati wowote wa mchana.