Jirani wa Kaskazini

Mwaka 1428, baada ya majeshi ya Ming kufukuzwa Vietnam, mwanachuoni Nguyễn Trãi aliandika tangazo la ushindi kwa niaba ya mfalme mpya, Lê Lợi. Humo alieleza kwamba nchi ya Kusini ina mipaka yake, mila zake na wafalme wake, kama ile ya Kaskazini. Wavietnam hulihesabu tangazo hilo kuwa miongoni mwa nguzo za uhuru wao. Liliandikwa kwa Kichina.

Wakati ule hakuna aliyeshangaa. Vietnam ilikuwa imetawaliwa kutoka kaskazini kwa takriban miaka elfu moja, hadi mwaka 938, na Kichina cha kale kilibaki kuwa lugha ya elimu na ya dola. Lê Lợi naye aliwapa maadui aliowashinda majahazi na farasi ili warudi kwao, kisha akapeleka wajumbe Beijing na tunu, atambuliwe. Anayeuona huo kuwa woga na aitazame ramani: jirani yule hahami.

Mitihani ya serikali kwa maandishi ya Kichina ilikoma mwaka 1919, na sasa Kivietnam huandikwa kwa herufi za Kilatini. Kijana wa Hanoi husimama mbele ya kaburi la mababu asiweze kusoma kilichochongwa juu yake. Msomaji ambaye wazee wake waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ataielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Uhasama nao una namna yake ya kukumbukwa. Karibu kila mji una barabara yenye jina la akina dada Trưng, waliouasi utawala wa Han mwaka 40. Lakini vita vya Februari 1979, China ilipovuka mpaka na miji ya Lạng Sơn na Cao Bằng ikabomolewa, vilipewa mistari michache tu katika vitabu vya shule baada ya serikali hizo mbili kupatana mwaka 1991. Adui wa kale hutajwa kwa sauti. Wa juzi hunong'onwa, hata na waliozika watoto wao. Na wale Wavietnam wa asili ya Kichina walioondoka kwa maelfu miaka hiyo, wakishukiwa katika nchi waliyozaliwa, husimuliwa kwa nadra zaidi.

Kinachonong'onwa hufurika siku moja. Mei 2014, China ilipopeleka mtambo wa kuchimba mafuta karibu na visiwa vya Paracel, ambavyo Wavietnam huviita Hoàng Sa, viwanda vilichomwa moto katika mkoa wa Bình Dương. Vingi vilikuwa mali ya Wataiwan. Waliovichoma walikuwa wameona langoni herufi za Kichina, wasiweze kuzisoma.

Kituo cha mpakani karibu na Lạng Sơn huitwa Hữu Nghị, yaani urafiki. Mwaka 1979 majeshi yalipita huko. Siku hizi hupita malori ya matunda. Mwishoni mwa 2021, China ilipokaza masharti ya korona, maelfu ya malori yalikwama mpakani, matunda yakaozea ndani, na wakulima wa kusini kabisa mwa Vietnam wakawa wanangoja habari za kaskazini.