Kulijua Jina na Kumwona Mtu



Tunapotafakari sura ya 16 ya Evanjili ya Luka, tunazoea kumhukumu yule tajiri kwa ugumu wa moyo. Tusome tena polepole. Hapakuandikwa kwamba alimfukuza Lazaro mlangoni pake, wala kwamba alimtukana. Zaidi ya hayo, alipokuwa katika mateso alimtaja kwa jina, basi alimjua. Lakini hata huko aliomba Lazaro atumwe amletee maji. Jina alilijua, mwenye jina alikuwa bado kwake mtu wa kutumwa tu.

Sisi tuliosomea ualimu na tunaofundisha dini tunakutana na upofu huo kila siku. Mtoto anayesinzia darasani huitwa mvivu kabla hajaulizwa kama jana alikula. Mkristu asiyefika kwenye sala za shirika huandikwa "hayupo", na baada ya majuma machache watu husema kwamba amelegea katika imani.

Katika shirika letu mjane mmoja aliandikwa hivyo. Tulikuwa tumekwisha kupanga kumpelekea unga, ndipo mama wawili wakatangulia kumtembelea, mikono mitupu. Hawakumwuliza kwa nini haji. Waliketi, wakamwuliza siku zake zinapitaje. Baada ya kitambo akasema: aliona haya kupita mbele ya wenzake pasipo sadaka. Unga ungalimshibisha, lakini haya ingalibaki. Tangu hapo kapu la sadaka linakaa penye mlango; mwenye kutia atie, asiye nacho apite bila kutazamwa. Mjane amerudi.

Simone Weil, Mfaransa aliyefundisha filosofia na kufa mwaka 1943, alifikiri kwamba masomo ya shule, hata hesabu iliyomshinda mwanafunzi, yanamzoeza kutega moyo wote, ili siku moja aweze kumtazama mwenye taabu na kumwuliza anateswa na nini. Basi usikivu huu haumshukii mtu ghafla. Hufundishwa, tena kwa uvumilivu.

Juma hili, kabla ya kuhesabu michango, tuyasome majina yote ya shirika letu. Kwa kila jina tujiulize: tuliketi naye lini, na alituambia nini? Tutakapokosa jibu, huko ndiko kwa kwenda kwanza.