Bei ya Ukuta

Nairobi hakuna ukuta wa bure. Ukuta wa ghorofa katikati ya jiji hukodishwa kwa mwezi, na ukuta wa duka dogo mtaani hulipwa kwa rangi. Kampuni ya simu, ya soda au ya sabuni humtuma fundi na ndoo mbili, naye kwa nusu siku huligeuza duka lako kuwa tangazo. Mwenye duka hupata rangi mpya ambayo asingeweza kuinunua, na jina lake huandikwa kwa herufi ndogo juu ya mlango. Kampuni hupata macho ya mtaa mzima. Hakuna anayelalamika, kwa sababu bati lenye kutu halivutii wateja na rangi ni ghali.

Nimekulia ndani ya tangazo la namna hiyo. Duka la mama liko Kayole, na tangu nilipoanza shule ya msingi limebadilishwa rangi mara tatu, kila mara na kampuni nyingine. Sasa nasomea shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu sanaa ya mitaani inayodai haki ya kiuchumi. Kila ninapomtajia mtu mada hiyo, huniuliza swali lilelile: michoro imewahi kubadilisha nini? Si swali baya. Lakini linaruka swali jingine linalopaswa kutangulia: ukuta wenyewe ni wa nani, na nani atalipia kitakachoandikwa juu yake?

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la nane. Wasanii wa grafiti, wakishirikiana na mpigapicha Boniface Mwangi, walichora usiku kwenye ukuta wa barabara ya Muindi Mbingu, karibu na City Market. Walimchora tumbusi mkubwa aliyevaa suti, amekaa kitini kwa raha zake. Tumbusi huyo alikuwa mwanasiasa anayekula kodi, anayenyakua ardhi, na ambaye bado anategemea kupigiwa kura na watu walewale aliowaibia. Kampeni hiyo ilijulikana kama MaVulture. Mimi sikuuona ukuta wenyewe wakati huo, maana nauli ya kwenda mjini kutazama ndege haikuwepo. Nilimwona tumbusi kwenye gazeti kuukuu ambalo mama alifungia mandazi, na mafuta yalikuwa yamemfanya ang'ae.

Mwangi alikuwa amezipiga picha ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,000. Mwaka 2009 alizitoa picha hizo nje, akazitembeza miji ya Kenya katika maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani. Hapo ndipo naona chanzo cha tumbusi. Picha iliyokaa ndani ya jumba la sanaa huonwa na waliokwisha kulipa kiingilio. Picha iliyo barabarani huonwa na mchuuzi, askari, mwanafunzi, na hata anayehusika.

Juni 2012 wanaharakati hao walibeba majeneza 49 hadi Bunge, jeneza moja kwa kila mwaka wa uhuru bila uwajibikaji. Kisha, Mei 14, 2013, waandamanaji waliwafungulia nguruwe na watoto wao mbele ya lango la Bunge na kumwaga damu chini. Polisi walirusha mabomu ya machozi na kuwakamata baadhi ya watu. Sababu ilikuwa hesabu nyepesi: Tume ya Mishahara ilikuwa imepanga mbunge alipwe shilingi 532,500 kwa mwezi, nao wabunge walitaka 851,000.

Anayetazama matokeo pekee atasema nguruwe walishindwa. Mwezi uliofuata wabunge walikubali zile 532,500, lakini wakapewa ruzuku ya shilingi milioni 5 kila mmoja ya kununulia gari. Hata hivyo, nakumbuka kilichotokea dukani. Kabla ya nguruwe, mishahara ya wabunge ilikuwa habari ya watu wa tai na mikoba. Baada ya nguruwe, mteja aliyekuja kukopa sukari robo kilo aliijua 851,000 kama alivyoijua namba yake ya kitambulisho. Alikuwa akisimama kaunta akiigawa kwa mshahara wake wa mjengo, na kila siku jibu lilimkasirisha upya. Tarakimu ilikuwa imetoka kwenye makaratasi ikaja mahali inapoumiza.

Kwa muda mrefu nilidhani kazi ya sanaa ya mitaani ni hiyo tu, kupiga kelele. Kibera ilinifundisha kuna njia nyingine. Mwaka 2009 msanii Mfaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera, mita za mraba zipatazo 2,000, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wanaoishi palepale. Picha nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa ya treni inayokatiza mtaa, na sehemu za chini za nyuso zikawekwa kwenye mteremko ulio chini ya reli, hivi kwamba treni ikipita, macho na midomo vilikutana kwa sekunde chache. Watu wengi huvutiwa na hiyo treni. Mimi huvutiwa na mapaa. Picha zile zilichapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji. Mabati ya Kibera yana matundu, na mvua ikinyesha, maji huingia kitandani. Kwa hiyo aliyekubali paa lake litumike hakupewa sifa tu, alipewa paa lisilovuja. Aliyetoa nafasi alilipwa kwa kitu anachokihitaji.

Mhadhiri wangu alinielekeza kwa kazi nyingine, ya mbali zaidi. Mwaka 1982, msanii Agnes Denes alipanda ekari mbili za ngano mjini New York, kwenye kifusi kilichotokana na ujenzi wa World Trade Center, hatua chache kutoka Wall Street. Ardhi ile ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 4.5. Denes na wasaidizi wake waliondoa mawe na takataka, wakamwaga udongo, wakachimba mitaro kwa mikono, wakapanda. Agosti walivuna zaidi ya ratili 1,000 za ngano, yaani kilo 450 na ushei. Baadaye pakajengwa majumba. Swali lake lilikuwa wazi kwa yeyote aliyepita pale akienda kununua na kuuza hisa: nani aliamua kwamba ekari hizi ni za pesa na si za chakula?

Nilimsimulia mama habari hiyo jioni moja akifunga hesabu. Akauliza kilo ngapi, nikamwambia. Akapiga hesabu kichwani. "Pakiti 225 za kilo mbili mbili, kabla hujatoa makapi," akasema. "Hizo kwangu zinaisha mwezi mmoja." Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelikuta katika makala yoyote niliyosoma: "Na huyo mama alilipia udongo na pesa ya nani?" Nilimjibu kuwa lipo shirika la sanaa za umma lililomwagiza afanye kazi hiyo. Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Basi sawa. Alikuwa na mtu nyuma yake."

Mama hakuwa na mtu nyuma yake wakati vijana wawili niliowahoji kwa ajili ya tasnifu waliponiomba ukuta wake. Vijana hao ni wachoraji. Siku za kazi huchora matatu na nembo za kampuni kwenye maduka. Jumapili huchora wanachotaka wenyewe, kwa rangi iliyobaki kwenye ndoo za matangazo. Walikuwa wameupenda ukuta wa pembeni wa duka letu kwa sababu unatazama steji, na kila anayeteremka kwenye matatu lazima auone.

Sikutaka kumshawishi mama. Duka hilo ndilo lililonilipia karo, na kodi yake hulipwa kwa mauzo ya siku, si kwa nadharia. Nilifikisha ombi lao kama nilivyolipokea. Ilikuwa wiki chache baada ya Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa umependekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Pendekezo la mkate liliondolewa, vijana wakaingia barabarani hata hivyo, baadhi yao hawakurudi nyumbani, na mswada wote ukatupwa. Mama alikuwa amekaa wiki nzima akifungua mlango nusu. Nilitarajia jibu fupi.

Akaniambia niwaite. Walipokuja, aliwapa chai akawauliza maswali matatu: rangi inatoka wapi, itakaa miaka mingapi, na kampuni ya rangi ya mbele ikilalamika watasemaje. Waliposhindwa kujibu la tatu, akawaambia hilo atalibeba mwenyewe. Kisha akaweka masharti.

"Sura ya mwanasiasa siitaki hapa. Akishinda nitaonekana adui, akishindwa nitaonekana mjinga."

Mmoja akamwambia kuhusu tumbusi wa mwaka 2012.

"Mimi siuzi ndege, mwanangu. Nauza unga. Chora unga."

Wazo likawa lake tangu hapo. Wanaouza unga hawahitaji utafiti kujua kalenda ya siasa. Mei 2017, serikali ilishusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 90, na Agosti tukapiga kura. Julai 2022, pakiti ikiwa imepita shilingi 200, ikashushwa hadi 100, na Agosti tukapiga kura. Mara zote mbili ruzuku iliisha baada ya uchaguzi, na mama ndiye aliyesimama kaunta kuwaeleza wateja kwa nini bei imepanda, kana kwamba aliipandisha yeye.

Vijana walichora pakiti tatu za unga, kila moja ikiwa na kimo cha mtu mzima. Ya kwanza imeandikwa 90, na chini yake Agosti 2017. Ya pili imeandikwa 100, na chini yake Agosti 2022. Ya tatu ni nyeupe tupu. Walitaka kuongeza neno kubwa juu, la kuwaambia watu waamke. Mama akakataa. "Watu wa hapa huamka saa kumi," alisema. "Hawajalala."

Mwezi wa kwanza ukuta ulifanya kazi ambayo hakuna mhadhara niliohudhuria umewahi kuifanya. Watu waliokuwa wakisubiri matatu walibishana. Bibi mmoja alisema alinunua kwa bei ya chini zaidi ya hapo zamani, mwingine akamsahihisha. Makanga mmoja alisema 90 ilikuwa zawadi, na mzee aliyekuwa pembeni akamuuliza kama zawadi huombwa irudishwe. Hakuna aliyetaja chama. Nilikaa pale siku nne na daftari langu, na sikusikia kabila likitajwa hata mara moja katika mabishano hayo, jambo ambalo kwa mazungumzo ya siasa steji hapa Nairobi si la kawaida.

Kisha bili ikaja. Wakala wa kampuni iliyopaka rangi ya mbele alifika, kijana mpole mwenye kompyuta kibao, akasema duka lililo chini ya mkataba haliwezi kuwa na maneno mengine ubavuni. Mkataba wenyewe mama hajawahi kupewa nakala. Alichukua mwavuli mkubwa na viti viwili vya plastiki, akaahidi kuvirudisha pakiti zikifutwa. Wiki mbili baadaye wakaja wanaume wawili wakiuliza kibali cha tangazo.

"Tangazo la nini?" mama akawauliza.

Walitazama ukuta, wakatazamana. Hapakuwa na jina la kampuni wala la bidhaa. Waliondoka, lakini wamekwisha rudi mara mbili, na kila wakija mama hufunga mapema. Bila mwavuli, jua la alasiri hupiga mkate na mama moja kwa moja. Ametundika turubai kuukuu, ambalo upepo huling'oa.

Ndiyo maana tasnifu yangu imebadilika sura. Nilikuwa nimepanga kupima michoro kwa kile ilichosababisha: sheria ipi iliondolewa, mbunge yupi aliangushwa. Sasa sura ya nne ina jedwali lenye safu tano: kazi, mwaka, mwenye ukuta, aliyetoa rangi, aliyelipia. Kwa nguruwe wa 2013, waliolipa ni waliolala seli. Kwa mapaa ya Kibera, mwenye paa alipata kitu mkononi. Kwa ngano ya New York, lilikuwepo shirika. Kwa ukuta wa Kayole, msitari wa mwisho unasema: mwenye duka, mwavuli mmoja, viti viwili, saa za biashara. Msimamizi wangu aliuliza kama hesabu ndogo hivyo zinafaa kuwa katika tasnifu ya sanaa. Nilimjibu kwamba sanaa inayokosoa uchumi bila kuandika gharama zake yenyewe itakuwa inafanya kilekile inachokikosoa, kumwachia mwenye duka mzigo na kujichukulia sifa. Amekubali jedwali libaki.

Nilimwambia mama kwamba akitaka ukuta ufutwe, vijana watakuja hata kesho, na mimi nitagharamia rangi. Nilimaanisha. Yeye ndiye mwenye kupoteza, na uamuzi ni wake. Alifikiri kwa siku mbili. Kisha akaniomba nimnunulie mwavuli, wa kawaida, usio na maandishi yoyote. Nimeununua kwa pesa ya kufundisha masomo ya ziada.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Watoto wanaopita kwenda shule humuuliza mama kwa nini pakiti ya tatu haina bei, naye huwaambia haijafika dukani. Vijana walipomaliza kazi walitaka kubeba ndoo zao zote, lakini mama aliwaomba wamwachie nusu kopo la rangi nyeusi na brashi moja. Ameviweka chini ya kaunta, nyuma ya gunia la chumvi, na kopo amelifunga kwa nailoni ili rangi isikauke.